Mtu Niliyempakia Njia ya Tunduru

Sikuombi uniamini haraka. Sikiliza kwanza mpaka mwisho, kisha siku ukipita Lizaboni, hapa Songea, uje uangalie pikipiki yangu kwa macho yako. Imesimama kibandani, haina mzigo, haina mtu, na shokapu zake za nyuma zimebonyea chini kama imepakia gunia la mahindi. Nimebadilisha shokapu hizo na bado zinabonyea. Mimi ni fundi, ningejua kama ni ubovu.

Tena mimi si mtu wa maneno. Nilisoma mpaka darasa la saba, na hata shuleni nilikuwa yule anayekaa nyuma akanyamaza. Msemaji wa nyumbani kwetu alikuwa mdogo wangu, Thadei. Laiti angekuwepo, angekusimulia haya vizuri kuliko mimi. Lakini habari yenyewe ni yake.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Shirika la umma nililofanyia kazi lilifungwa, tukaambiwa kila mtu ajitafutie. Vitu vilivyokuwa adimu vikajaa madukani, na pikipiki zilizotumika zikaanza kuingia kutoka ng'ambo. Mimi na Thadei tukasimamisha kibanda cha mabati, tukawa mafundi wa pikipiki. Ndipo akaja Hansi.

Hansi alikuwa Mzungu mrefu, mpole, anayechagua maneno ya Kiswahili kama mtu anayechambua mchele. Alitaka kuleta wageni watembee kwa pikipiki kutoka Songea hadi Tunduru, waendelee mpaka baharini. Kabla ya kuwaleta, ilibidi aijue njia, na achague kifaa cha kuwaongoza. Siku hizi kila mtu anajua jipiesi. Wakati ule sisi tulikuwa hatujawahi kuona kitu kinachoongea na setilaiti juu mbinguni, kikakuambia hapa ndipo ulipo na kule ndiko uendako. Alikuwa nacho mkononi, tena aina mbili, na hakujua anunue ipi kwa ajili ya wageni.

Kimoja kilikuwa kikubwa kama nusu tofali. Kilifungwa kwenye usukani kwa chuma chake, kikanywa umeme wa betri ya pikipiki, na herufi zake ungezisoma hata ukiwa na vumbi machoni. Cha pili kilikuwa kama kipande cha sabuni. Kilikula betri za dukani na kuzimaliza upesi, na vitufe vyake vilitaka kucha ndefu. Tulivijaribu vyote viwili njia ya Madaba, kwenda na kurudi. Tuliporudi, Thadei alikaa juu ya tairi bovu akacheka.

"Kaka, hiki kikubwa ni sawasawa na Baba Mdogo. Umewahi kumsikia Baba Mdogo akisema sijui?"

"Bado," nikasema.

"Mwulize hata njia ya mbinguni, atakuelekeza kwa kidole!" Kisha akamgeukia Hansi. "Bwana Hansi, uliona tulipopita chini ya ile miti mikubwa? Kilikuwa hakioni kitu, lakini mshale wake ukaendelea tu kuonyesha. Hiki kidogo kikipotea kinakiri. Kinaandika kwamba hakioni, kinatulia, kinasubiri. Chukua hiki. Kina adabu."

"Lakini wageni wangu," Hansi akasema taratibu, "wanapenda herufi kubwa."

"Basi watapotea kwa herufi kubwa."

Tulicheka wote watatu. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu ndicho cha mwisho nilichocheka naye. Hansi hakuamua. Alisema yeye na Thadei watakwenda navyo vyote viwili njia ya Tunduru, ndipo atajua. Mimi nilibaki na kazi za wateja. Thadei akavaa koti lake la mvua la manjano, akampungia mkono mke wake Melania, wakaondoka.

Alirudi juu ya lori la korosho, amefunikwa turubai.

Walikuta mchanga kwenye kona, huko porini mbele ya Namtumbo, pikipiki yake ikamtupa kwenye kisiki. Hansi alianguka nyuma yake akavunjika bega. Alikaa na mwili wa mdogo wangu mpaka lori likatokea. Nilimwuliza dereva ni wapi hasa. "Pori lile lote ni moja, kaka," akaniambia. "Nimewakuta chini, nimewapakia. Pole sana." Hansi naye kabla ya kusafirishwa kwenda kutibiwa alinishika mkono akaniachia vile vifaa viwili. Akasema, "Nimeweka mahali pake. Ndani ya vyote. Nimeandika jina."

Wakati ule sikuona faida yake. Tukazika. Padri akasoma, kwaya ya kanisa alimoimba Thadei ikamwimbia, watu wakala, wakaondoka.

Lakini nyumba haikutulia. Melania akaanza kusikia pikipiki jioni. Inakuja kutoka barabarani, inafika kwenye uzio wa michongoma, inasita, kisha inageuka na kurudi ilikotoka. Nilidhani ni huzuni yake, mpaka na mimi nikaisikia. Mimi nilikuwa fundi wa pikipiki ile. Mlio wake naujua.

Bibi yetu, mama yake baba, ndiye aliyesema wazi. Alikuwa Mngoni wa zamani, kanisani hakukosa, lakini ya ukoo hakuyatupa. "Tumezika mwili," akasema. "Mwenyewe yuko kule alikoangukia. Hakuna aliyekwenda kumchukua. Nani amwonyeshe njia?"

Sijui kwenu mnafanyaje. Katika ukoo wetu, mtu akifia njiani, ndugu yake anakwenda pale pale alipoangukia. Anakata tawi bichi la mti ulio karibu zaidi. Anamwita jina, anamwambia twende nyumbani. Kisha anarudi na tawi lile alilaze kaburini, na njia nzima anamsemesha marehemu, anamwambia: hapa tunapinda, huu ni mto, tunavuka, hiki ni kijiji fulani. Kwa sababu wafu hawaijui njia. Anayechukua haruhusiwi kugeuka nyuma, wala kushuka chini kabla ya kufika. Na tangu anatoka nyumbani mpaka anarudi, haongei na mtu aliye hai.

"Lazima iwe pale pale, Bibi?" nikauliza.

"Ukiita nyumba ya jirani, nani ataitika?"

Basi nikatoa vile vifaa, nikaviwasha uani. Na kweli, ndani ya kila kimoja kulikuwa na msalaba mdogo, na chini yake herufi sita: THADEI. Melania alipoona jina akaingia ndani. Nami nilikuwa nimeona jambo jingine. Namba za mahali pale hazikulingana. Kimoja kilisema alipo Thadei ni huku, kingine kikasema ni mbele kidogo. Tofauti si kubwa, kama kutoka gereji yetu hadi mashine ya kusaga. Nikamweleza Bibi.

"Mtu mmoja hafi mahali pawili," akasema.

"Sasa nichague kipi?"

"Mimi najua vitu hivyo? Chagua wewe uliyevichezea."

Hebu nikuulize na wewe: ungechagua kipi? Maneno ya Thadei niliyakumbuka, nisikudanganye. Lakini niliwaza hivi. Kile kidogo kinakula betri. Kikizima njiani itabidi nisimame dukani ninunue, na nikinunua nitaongea na muuza duka, na nikiongea nimeharibu. Kikubwa kinajitegemea kwenye pikipiki. Kwa sababu hiyo tu nikakifunga kikubwa kwenye usukani, nikajaza dumu la petroli ili nisisimame popote, nikaondoka bila kuaga mtu.

Namtumbo kuna fundi mwenzangu aliniona nikipita akapaza sauti, "We Mngoni! Umekuwa bubu siku hizi, au umetajirika?" Nikainua mkono tu.

Nilifika mchana umekwisha kuinama. Mshale ulinipeleka, ukanipeleka, kisha ukaanza kuzunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Maana yake nimefika. Palikuwa na kona. Palikuwa na mchanga. Miti imefunga juu, na hakuna ndege aliyelia. Nilitafuta kisiki nikaona viwili vitatu, mvua ilikuwa imeshafuta kila alama. Nikajiambia ni hapa.

Nikakata tawi, nikarudi kwenye pikipiki nikaipiga kiki, nikaweka tawi kifuani ndani ya koti, majani yakinigusa kidevu. Nikaita. "Thadei. Thadei. Thadei. Mimi kaka yako. Panda twende nyumbani."

Pikipiki ikabonyea.

Niamini. Shokapu za nyuma zilishuka taratibu, kama mtu anapokaa akijipanga vizuri. Nikasikia pumzi ndefu karibu na shingo yangu, pumzi ya mtu aliyesimama kwa muda mrefu hatimaye amepata pa kukaa. Ndani ya pumzi ile palikuwa na neno, "Alhamdulillahi." Nilisikia, lakini nikajiambia ni majani ya tawi. Mtu akitaka kitu sana, masikio yake yanamsaidia. Nililia kwa furaha. Nikaanza safari.

"Thadei, hapa tunapinda kulia. Thadei, hili ni daraja la magogo, tunavuka." Mimi nisiye na maneno, siku ile niliongea kuliko miaka yangu yote. Nikamweleza habari za Melania, za gereji, za Bibi. Ila uzito ulinitatiza. Thadei alikuwa mwembamba, mara ngapi nimempakia? Huyu pikipiki ilimlalamikia kila tukipanda kilima. Halafu harufu. Harufu ya ugoro. Thadei hakuwahi hata kuonja.

Tukakaribia Mto Luegu, jua linashuka. Nikasema, "Thadei, huu ni Luegu. Hapa ndipo unapopenda kununua samaki."

Sauti ikajibu nyuma yangu, ya mtu mzima, nzito, yenye lafudhi ya watu wa Tunduru. "Sijawahi kufika huku."

Nilitaka kugeuka, nikakumbuka nisigeuke. Nikatazama kwenye kioo cha pembeni, nikaona vumbi tu na barabara. Lakini vidole vilikuwa vimeshika mkanda wangu. Vinne upande huu, vinne upande ule, vizito, vya baridi.

"Kaka," ikasema, "kwani tunakwenda wapi?"

Nikapunguza mwendo.

"Nilikuwa nawasubiri watu wangu. Walisema watakuja kunichukua. Wewe umekuja ukaniambia panda, nikadhani wamekutuma."

Unaelewa hofu yangu? Hofu ya mzimu mtu anaweza kuivumilia, atapiga ishara ya msalaba akimbie. Mimi nilikuwa nimemchukua mfu wa watu wengine kutoka pale walipomwacha. Nduguze wakija watakuta hayupo. Na wakati huo mdogo wangu, aliyeitwa kwa jina lake karibu naye kabisa, amesikia nikiita na kuona nikiondoka na mwingine.

"Nirudishe," ikasema.

Nikageuza pikipiki pale pale kabla ya mto. Nikarudi porini, sasa nikisema njia kinyumenyume. Giza likaingia chini ya miti kabla ya kuingia kwingine. Kile kifaa kikawaka taa yake ya kijani, herufi kubwa, safi, THADEI, na mshale ukaonyesha kushoto. Nikaenda. Sauti ikasema, "Siyo hapa." Mshale ukageuka kulia. "Siyo hapa." Mshale ukarudi nyuma, ukaenda mbele. Hakikusita hata kidogo, hakikusema hakioni. Kila nilipofika nilisikia ile sauti, na kila mara ilikuwa ya chini zaidi, ya mtu anayeanza kuogopa. Sikujua kwamba hata wao wanaogopa. "Siyo hapa, kaka. Siyo hapa."

Nikapita kona moja zaidi, na taa ya mbele ikamwangaza mtu.

Alisimama kando ya barabara amevaa koti la mvua la manjano. Aliinua mkono, vile mtu anavyoinua akiomba lifti, bila fujo. Uso sikuuona, mwanga uliishia kifuani. Nikakanyaga breki. Nikafungua mdomo kumwita mdogo wangu, lakini nyuma yangu ile sauti ikanitangulia. Haikusema kwa ukali. Ilisema kwa upole, kama kondakta mwenye huruma.

"Siti imejaa."

Mkono wa manjano ukashuka. Akarudi hatua nyuma kwenye miti, kama unavyorudi basi lililojaa likikupita. Niliita mpaka koo likauma. Nikakaa pale juu ya pikipiki inayonguruma, tawi kifuani, sikuthubutu kushuka, maana mwenye tawi akishuka, aliyepanda hupotea kabisa. Ningempoteza na huyu pia? Hakuna kilichotikisika. Nikarudi Songea nikiwa na mtu nisiyemjua, nikimwambia kila kona na kila mto, kwa sababu angalau hilo nilikuwa na deni nalo kwake.

Bibi alikuwa mlangoni. Alinitazama, akatazama nyuma yangu, akashika kizingiti.

"Huyu uliyemleta ni nani?"

"Sijui, Bibi."

Hatukuweza kumlaza kwenye kaburi la Thadei. Bibi akachukua tawi akalisimamisha kibandani, karibu na pikipiki, akamwomba mgeni radhi, akamwambia apumzike hapo mpaka watu wake wapatikane.

Nilirudi porini tena, safari hii na kile kidogo. Nilinunua betri za akiba kabla ya kutoka, jambo ambalo ningeweza kulifanya hata mara ya kwanza. Chini ya miti kikaandika kwamba hakioni, nikazima pikipiki, nikasubiri nacho. Muda mrefu. Kikapata, kikaniongoza mbele ya pale nilipoita mwanzo, kona inayofuata tu. Pale kwenye mchanga niliokota vipande vyekundu vya taa ya nyuma. Taa ile niliifunga mimi kwa mikono yangu. Nikakata tawi, nikaita. Nikangoja mpaka giza. Shokapu hazikushuka.

"Ameona kiti chake kimekaliwa," Bibi akaniambia. "Labda anakuja kwa miguu."

Bibi amekwisha kufariki. Hansi hakurudi, wala wageni wake. Melania hasikii tena pikipiki kwenye michongoma, na hilo ndilo linalomliza. Mimi niliwauliza wafanyabiashara wa korosho wanaopita hapa mjini, watu wa Namasakata, huko Tunduru, na vijiji vya jirani: nani amepoteza ndugu njia ile, mtu mzima, mnene, mvuta ugoro? Mmoja alikung'uta kofia yake. "Njia ile, ndugu yangu? Utataja wangapi?"

Kwa hiyo kila jioni, kukianza kuwa giza, natoka nje nakaa kwenye lile tairi bovu. Naisema njia kwa sauti, kwa ajili ya Thadei, popote alipofika. Toka kwenye kona ya mchanga. Pinda kulia. Daraja la magogo, vuka. Luegu, vuka. Namtumbo, nyoosha. Ukiona taa za Songea usiogope, njoo mpaka Lizaboni, mashine ya kusaga, kushoto, michongoma, umefika.

Na kibandani, kwenye harufu ya ugoro, yule mwingine anaisema pamoja nami. Ameshaikariri. Siku nyingine ananitangulia.

Wewe unayesikia haya, kama una mtu wako aliyebaki njiani, nenda ukamchukue mapema, na uende na kitu au mtu anayejua kukiri kwamba amepotea. Usiseme utakwenda mwakani. Wao husubiri, lakini huchoka kusimama, na akipita mtu yeyote akawaambia panda, wanapanda.

Na kama ni wako huyu wa kwangu, njoo umchukue. Kila akimaliza kuisema njia, ananiuliza kama mmeshafika.